Tundu la Waya Halina Mwenyewe

Jirani yangu akikaanga omena, mimi hujua kabla ya mumewe kufika nyumbani. Nyumba zetu zimo katika safu ya nyumba sita chini ya paa moja la mabati, nazo zimetenganishwa kwa ukuta wa mawe ya kuchonga uliopigwa plasta pande zote mbili na kupakwa rangi. Hakuna dirisha baina yetu, wala mlango. Kwa miaka miwili nilidhani harufu ile hutoka nje kupitia dirisha lake, ikazunguka na kuingia kupitia langu. Kisha jioni moja umeme ukanipotea, nikachukua tochi nikaenda kulikagua sanduku la fyuzi. Nilipolifungua na kuizima tochi ili niokoe betri, niliona mwanga. Ulikuwa ni mwanga wa taa ya jirani, ukinijia kupitia tundu lililo nyuma ya sanduku, pale nyaya zinapochomoza ukutani. Niliingiza kidole. Kikazama chote.

Tangu siku hiyo sijatulia. Kwa maana kama harufu ya samaki inapita, moshi nao utapita. Na kama mwanga wa taa unapita, hewa yenye joto la moto haitangoja kibali. Ukuta ambao nimeulipia kodi nikiamini kwamba unanitenga na lolote litakalozuka kwa jirani, kumbe una kasoro moja, na katika mambo ya moto kasoro moja yatosha.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tuliowahi kushika chaki tumesahihisha insha nyingi mno juu ya methali hiyo. Zote humhusu kijana aliyeanza kwa kuiba kalamu, akaishia gerezani. Waama sikumbuki hata insha moja iliyouhusu ufa wenyewe. Ningependa basi, msomaji mpendwa, unipe ruhusa leo niitumie methali hiyo kwa maana yake ya kwanza, maana ya waashi, kwa sababu nyumba zetu na shule zetu zimejaa matundu ambayo hakuna anayeyaona, na mengi kati ya hayo yameletwa na waya.

Ukuta una kazi zaidi ya kubeba paa na kuficha siri za wenye nyumba. Wasanifu wa majengo huligawa jengo katika sehemu mbalimbali ili moto ukizuka katika sehemu moja ubakie humo kwa muda fulani, nusu saa, saa moja au saa mbili, watu wapate kutoka na wazimamoto wapate kufika. Ukuta wa mawe wenye unene wa sentimita 20 ukipigwa plasta ipasavyo unaweza kuuhimili moto kwa saa kadhaa. Mawe hayaungui. Lakini muda huo wote huhesabiwa kwa ukuta ulio mzima. Ukitoboa tundu moja ukaliacha wazi, ukuta wa saa mbili hugeuka kuwa ukuta wa dakika chache kwa yule aliyelala upande wa pili, hata kama mawe yenyewe yatabaki yamesimama wima hadi asubuhi.

Walimu wa fizikia watanisaidia hapa. Chumba cha kawaida kina joto la nyuzi 27 hivi, yaani 300 katika kipimo cha Kelvin. Chumba kinachowaka moto kikamilifu hufikia nyuzi 600 na kuzidi. Tuseme 627, yaani 900 katika kipimo cha Kelvin. Kwa mujibu wa Sheria ya Charles, hewa iliyojaza chumba hicho sasa inadai nafasi mara tatu ya ile iliyokuwa nayo. Itaipata wapi? Itapenya chini ya mlango, itapenya kwenye maungo ya dari, na itapenya katika kila tundu la waya, tena kwa kusukumwa. Moshi haupotei njia ukaingia kwa jirani kwa bahati mbaya. Hupelekwa huko kwa nguvu.

Hesabu nayo ni nyepesi kiasi kwamba mwanafunzi wa Gredi ya 8 ataimaliza kabla kengele haijalia. Fundi akitoboa kwa keekee tundu lenye kipenyo cha milimita 25, kisha akapitisha humo waya wenye kipenyo cha milimita 10, eneo la tundu ni kama milimita 491 za mraba na eneo la waya ni kama 79. Zaidi ya asilimia 80 ya tundu hilo ni uwazi mtupu. Na huyo ni fundi mwungwana aliyekuwa na keekee. Yule anayetumia nyundo na patasi huacha pengo ambalo paka mchanga angepita.

Watu wengi wanaokufa katika moto wa nyumba huuawa na moshi kabla ndimi za moto hazijawafikia. Ndani ya moshi huo mna gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Aliyelala haamki akakohoa. Usingizi wake huzidi tu kuwa mzito. Wala gesi hiyo haihitaji nyumba iteketee ndipo izaliwe. Jiko la makaa lililoingizwa chumbani usiku wa baridi kule Limuru au Nyandarua huitoa kwa wingi, na kila majira ya baridi tunasikia habari za waliolala nalo wasiamke. Je, tumewahi kujiuliza kuhusu yule aliyelala chumba cha pili, ambaye hakuwasha jiko lolote, bali kichwa cha kitanda chake kimeegemea ukuta wenye tundu?

Labda mtu atasema kwamba haya ni mambo ya watu maskini wa nyumba za kupanga. La hasha. Mwaka 1975 ulileta mafunzo mawili huko Marekani, yakifuatana kwa siku 37 tu, na yote mawili yalihusu matundu ya nyaya.

La kwanza lilitukia usiku wa tarehe 13 Februari katika mnara wa kaskazini wa World Trade Center, jijini New York, ule ule ulioporomoka Septemba 2001 kwa sababu nyingine kabisa. Moto uliwashwa kusudi katika orofa ya 11. Sakafu za jengo hilo zilikuwa za zege, na zege haliungui. Lakini katika vyumba vidogo vya nyaya za simu sakafu hizo zilikuwa zimetobolewa ili nyaya zipite kutoka orofa moja hadi nyingine, na matundu hayo hayakuwa yamezibwa kwa kitu cha kuzuia moto. Ndimi zilizifuata nyaya kama mwenge unavyofuata utambi, zikapanda hadi orofa ya 19. Jengo lenye orofa 110, lililojengwa kwa ustadi ulioshangaza ulimwengu, likapenywa na moto kwa njia zilizoachwa na mafundi wa simu.

La pili linanisikitisha zaidi, kwa kuwa lilianzia mikononi mwa watu waliokuwa wakifanya lile ambalo wengine hawakulifanya. Tarehe 22 Machi mwaka huo, katika kituo cha nguvu za nyuklia cha Browns Ferry, jimboni Alabama, wafanyakazi walikuwa wakiziba matundu ya nyaya ukutani. Walitaka kujua iwapo kuna hewa inayopenya, basi wakafuata desturi ya kazi yao: wakawasha mshumaa na kuusogeza karibu na tundu, ili mwali ukiyumba wajue kwamba lavuja. Mwali uliyumba, ukavutwa ndani, na kile walichokuwa wamezibia, povu laini la plastiki, kikashika moto papo hapo. Moto uliwaka kwa muda wa saa saba hivi, ukaharibu nyaya zaidi ya 1,600, zikiwemo za kudhibiti mitambo ya usalama, na vinu viwili vilivyokuwa vikifanya kazi vikalazimika kuzimwa kwa taabu kubwa. Kwa bahati njema hakuna aliyeuawa na wala mnururisho hatari haukutoka. Mnamo 1980 Marekani ilitoa kanuni mpya za kukinga vituo hivyo dhidi ya moto, na kisa hicho ndicho kilichozizaa.

Ninavitaja visa hivyo pamoja kwa sababu kosa la kwanza ni kuacha tundu wazi, na la pili ni kuliziba kwa kitu kinachowaka, na sisi hapa nchini tuna hodari wa makosa yote mawili. Nimeona matundu yaliyoshindiliwa magazeti makuukuu, matambara, vipande vya godoro, na siku hizi povu la kopo ambalo hununuliwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi, hufura likajaza tundu kwa dakika chache na kumpa mwenye nyumba utulivu asiostahili. Liko povu lililotengenezwa mahususi kwa kazi ya kuzuia moto, na lazima kopo lenyewe liseme hivyo. La kawaida huzuia upepo na mende. Mbele ya moto ni kuni.

Hebu sasa tutazame zaidi ya tundu la sandukuni. Katika safu kama hii ninayoishi, waashi wengi huufikisha ukuta wa kutenganisha nyumba hadi kimo cha dari, wakaukomesha hapo. Juu ya dari, kutoka nyumba ya kwanza hadi ya sita, ni uwanja mmoja mrefu wenye kenchi za mbao, vumbi na nyaya. Nilipanda ngazi nikafungua kifuniko cha dari ili nihakikishe. Niliweza kumulika tochi kutoka kwangu hadi mwisho wa jengo, na katikati hapakuwa na kizuizi chochote ila buibui. Nyaya za nyumba zote sita zimelazwa juu ya kuta, na pale zinaposhukia vyumbani dari imetobolewa, kila mahali tundu kubwa kuliko waya. Moto ukipanda kutoka jikoni mwa mmoja wetu ukaingia humo, hautahitaji kupasua ukuta wowote. Utapita juu ya vichwa vyetu sote tukiwa tumelala, na wa kwanza kujua atakuwa yule ambaye dari itamwangukia.

Ndivyo yalivyojengwa mabweni mengi pia, na madarasa yetu. Vyumba vinne vyenye kuta madhubuti, na uwazi mmoja juu yake.

Katika majumba ya orofa ya mijini hali ni tofauti kwa sura, si kwa hatari. Mita za wapangaji wote aghalabu hukusanywa mahali pamoja, mara nyingi chini ya ngazi, na kutoka hapo fungu la nyaya nene kama mkono wa mtu mzima hupanda orofa kwa orofa kupitia matundu ya sakafuni. Bomba refu lililo wazi juu na chini tunaliita dohani. Jengo linaweza kuwa na dohani bila mwenyewe kujua kwamba alijengewa moja, tena likawa kando ya ngazi, ambayo ndiyo njia pekee ya watu kushukia.

Walimu wanaonisoma watakuwa wamekwisha kuona ninakoelekea. Taifa hili limewazika watoto wengi waliofia mabwenini. Mnamo Machi 1998 tuliwapoteza wasichana zaidi ya ishirini wa Bombolulu, kule Pwani. Mnamo Machi 2001 tuliwapoteza wavulana 67 wa Kyanguli, Machakos. Septemba 2017 wasichana 10 wa Moi Girls jijini Nairobi. Septemba 2024 wavulana 21 wa Hillside Endarasha, Nyeri. Sitaki kuwadanganya wasomaji: sisemi kwamba tundu la waya ndilo lililowaua. Bombolulu na Kyanguli zilitufunza kuhusu milango iliyofungwa na madirisha yenye vyuma, na mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 ukaagiza kwamba mlango wa bweni uwe na upana wa futi 5 angaa, ufunguke kuelekea nje, usifungwe kutoka nje wanafunzi wakiwamo, na madirisha yasiwe na vyuma. Maagizo hayo ni ya kwanza, na shule isiyoyatimiza haina haja ya kunisoma mimi kabla ya kuyatimiza.

Lakini mlango mpana humwokoa aliyeamka. Ili aamke akiwa na fahamu za kuufikia mlango, moshi lazima ucheleweshwe usimfikie, na wa kuuchelewesha ni ukuta mzima. Dakika tano zilizopatikana ukutani ndizo zinazotumiwa mlangoni. Na wale wanaosema kwamba mabweni yetu huchomwa na wanafunzi wenyewe, kwa hiyo haya ya matundu ni kupoteza wakati, ningewauliza swali moja: moto uliowashwa kwa kiberiti cha mtundu huheshimu tundu lililo wazi kuliko ule uliowashwa na waya mbovu? Aliyewasha huamua mahali moto unapoanzia. Mahali utakapoishia, na idadi ya wasiohusika watakaokuwa wameguswa, ni jambo linaloamuliwa na jengo.

Fauka ya hayo, matundu yanaongezeka. Katika miaka ya 2013 hadi 2016 maelfu ya shule za msingi za umma ziliunganishwa na umeme kwa mara ya kwanza, nyingi zikiwa na majengo yaliyojengwa bila kufikiria waya. Zikaja tarakilishi na vishikwambi. Ikaja intaneti, zikaja kamera za ulinzi, zikaja paneli za sola juu ya paa. Kila mkandarasi huja na keekee yake. Hutoboa, hupitisha, hujaribu kama taa inawaka, hupokea sahihi ya mwalimu mkuu, huondoka. Mwalimu mkuu hutia sahihi kwa furaha, kwa kuwa taa kweli imewaka.

Nilipotaka kujua nani aliyeliacha tundu langu, nilianza safari iliyonifunza mengi kuliko nilivyotarajia. Fundi wa umeme aliyekuja kurekebisha fyuzi aliniambia kwa adabu, "Mwalimu, mimi kazi yangu ni waya. Tundu ni la mwashi." Nikamtafuta mwashi aliyefanya kazi katika ploti hii, mzee wa miaka mingi katika ufundi. Akacheka. "Mimi niliuacha ukuta mzima, mwalimu. Waliokuja nyuma yangu ndio walioutoboa. Ningerudi kuziba, nani angenilipa?" Wakala wa mwenye nyumba akaniuliza mbona sikulisema jambo hilo siku ya kuingia, miaka miwili iliyopita. Na mkaguzi? Mkaguzi wa umeme hupima kama waya umeungwa vyema na kama njia ya kwenda ardhini ni salama; mkaguzi wa ujenzi huja wakati kuta zinapanda, kabla nyaya hazijapita. Kila mmoja alikuwa na haki katika aliyoyasema. Tundu limezaliwa baina ya kazi mbili, na halina mwenyewe.

Hata lugha yenyewe inatusaliti. Wafundi wetu wana neno la kutoboa, wana neno la kupitisha, wana neno la kupiga plasta na la kupaka rangi. Kwa kazi inayopaswa kufanywa katikati, yaani kuziba kwa ajili ya moto, sijasikia neno lolote likitumiwa kazini, na jambo lisilo na jina haliandikwi katika orodha ya malipo. Tangu 2025 tunaongozwa na Kanuni ya Ujenzi ya 2024, iliyochukua nafasi ya ile ya 1968. Ni hatua njema. Lakini kanuni haipandi darini na tochi, na wala mwenye nyumba hatalipia jambo ambalo halikutajwa katika makadirio. Kwa maoni yangu tiba iko pale pale penye malipo. Mkataba wowote wa kupitisha waya, uwe wa shule au wa nyumba, useme waziwazi kwamba anayetoboa ndiye anayeziba, na kwamba sehemu ya mwisho ya fedha zake haitoki mpaka mtu asimame upande wa pili wa ukuta na kuthibitisha. Bodi za shule zina uwezo huo leo, bila kungoja waraka kutoka Nairobi.

Kuziba kwenyewe si kazi ya gharama. Kwa ukuta wa mawe, saruji na mchanga vyatosha, mradi vijaze tundu kwa unene wote wa ukuta. Kiraka cha juujuu kilichopakwa kama siagi kitapasuka na kuanguka joto likianza. Penye uwezekano wa kuongeza nyaya baadaye, jasi inafaa zaidi, ule unga mweupe ambao madaktari huufungia mfupa uliovunjika, kwa kuwa huchimbika kwa urahisi. Walimu wa kemia wanaweza kuwaeleza wanafunzi siri yake: jasi iliyoganda ina maji ndani ya fuwele zake, takriban asilimia 21 ya uzito, na moto lazima uyafukuze maji hayo kwanza ndipo uweze kuupasha joto upande wa pili. Ni ukuta unaobeba maji yake wenyewe. Katika mapengo makubwa hutumiwa sufi ya mawe ikifunikwa kwa jasi. Na pale nyaya zinapopita ndani ya bomba la plastiki, mtu asidanganyike kwamba kuziba pembeni mwa bomba kumetosha. Plastiki hiyo hulegea ikifika nyuzi 80 hivi, kisha huyeyuka na kuungua, ikaacha tundu lenye ukubwa ule ule wa bomba. Ndani ya bomba nako kuzibwe. Mafundi wa majengo makubwa hutumia dawa maalumu inayofura ikipata joto, ikalibana bomba linapolegea na kulijaza pengo. Ni ghali, lakini kwa bweni la watoto mia moja sioni kama ni ghali sana.

Jambo moja ni la tahadhari. Asiwepo mwalimu atakayewatuma wanafunzi kwenda kuchokoa matundu yenye nyaya kwa vijiti. Umeme uzimwe kwenye swichi kuu, na kazi ifanywe na fundi mwenye leseni, kwa sababu waya uliochubuka ndani ya tundu ukizibwa bila kutazamwa, tutakuwa tumeuficha ugonjwa badala ya kuutibu. Wanafunzi wana kazi nyingine iliyo salama. Wasimame chumbani usiku taa zikiwa zimezimwa, mwenzao awashe tochi chumba cha pili, nao waandike kila mahali wanapouona mwanga. Hiyo ni ramani, na haigharimu kitu. Tena wasiwatishie walezi wao kwamba nyumba izibwe hadi ikose hewa. Matundu ya hewa yaliyo juu ya dirisha hutazama nje, nayo yaachwe kama yalivyo. Tunayoyatafuta ni yale yanayotazama kwa jirani.

Jumamosi iliyopita nilibisha hodi kwa jirani, nikamwonyesha kidole changu kilivyoweza kuzama chote katika tundu. Alishtuka. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, kwani na maneno yetu pia umekuwa ukiyasikia?" Nilimhakikishia kwamba ni samaki tu. Tulizima swichi kuu za nyumba zote mbili, fundi akazikagua nyaya, akakata kipande kimoja kilichokuwa kimebabuka, akaunga kingine, kisha akashindilia jasi kutoka kwangu huku kijana wake akishindilia kutoka kwake, mpaka wakakutana katikati. Kazi yote haikufika saa moja. Usiku huo jirani alibisha mlangoni kwangu na sahani iliyofunikwa, akasema amekaanga tangu magharibi na alitaka kujua kama nimesikia chochote. Sikuwa nimesikia.

Uwazi wa darini, ule wa nyumba zote sita, bado uko kama ulivyokuwa. Wakala amesema mwenye nyumba atakuja kuutazama mwisho wa mwezi, nami nimeiacha ngazi imeegemea ukuta kumngoja.